Osmosisi ni nini hasa? Ubishi wa swali la kiazi

Karatasi za majibu zikishakusanywa, ubishi wa mtihani wa baiolojia huanzia mlangoni. Mmoja anauliza, "Swali la saba, lile la kiazi kilichowekwa kwenye maji yaliyokolea sukari, umejibuje?" Mwenzake anasema kiazi kimepoteza maji. Wa tatu anashika kichwa: "Mimi nimeandika yameingia. Si tulifundishwa maji hutoka penye mkolezo mkubwa kwenda penye mkolezo mdogo? Mkolezo mkubwa uko kwenye sukari, kwa hiyo maji yametoka huko yakaingia kwenye kiazi." Wa kwanza anamkatiza: "Aa, umegeuza! Ni penye mdogo kwenda penye mkubwa." Sauti zinapanda, na hakuna anayegundua kwamba kanuni zote mbili ni za kweli.

Nafundisha somo hili, na ubishi huo nimeusikia kila swali la osmosisi linapotoka. Siwanyamazishi. Wanafunzi wanaolinganisha herufi tu, A yako na C yangu, huondoka na wasiwasi bila kujua zaidi ya walivyojua. Ila wakianza kuulizana "kwa nini?", mara nyingi hufika palepale ambapo dhana yenyewe ilikuwa imewakwama.

Swali lenyewe huwa hivi. Vipande vitatu vya kiazi, kila kimoja gramu 5.0, vimewekwa kwa saa kadhaa katika vimiminika vitatu: maji matupu, mmumunyo wa sukari kidogo, na mmumunyo uliokolea sukari. Vikatolewa, vikapanguswa, vikapimwa tena. Cha kwanza kina gramu 5.6, cha pili 5.0, cha tatu 4.3. Eleza matokeo.

Osmosisi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando unaoruhusu maji lakini unazuia baadhi ya vitu vilivyoyeyuka ndani yake, kutoka upande wenye maji mengi zaidi kwa kulinganisha na vitu hivyo kwenda upande wenye maji machache zaidi. Tatizo la wale watatu mlangoni ni neno moja, mkolezo, yaani wingi wa kitu ndani ya kimiminika. Mkolezo wa nini? Ukikusudia mkolezo wa maji, yanatoka penye mkubwa kwenda penye mdogo. Ukikusudia mkolezo wa sukari au chumvi, yanatoka penye mdogo kwenda penye mkubwa. Ni mwendo uleule, umesimuliwa kutoka pande mbili. Yule aliyeandika "yameingia" alichukua kanuni ya mkolezo wa maji akaitumia kwenye mkolezo wa sukari, na mshale wake ukageuka. Kwa hiyo huwa nawaambia wasiandike neno "mkolezo" peke yake. Waandike ni mkolezo wa nini.

Tena maji hayafuati njia moja kama watu wanaoingia ukumbini. Molekuli za maji hazitulii. Muda wote zinavuka utando kutoka pande zote mbili. Upande wenye sukari nyingi, wepesi wa maji kuondoka umepungua, kwa hiyo yanayotoka huko ni machache kuliko yanayokuja. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipima kwenye mizani. Sukari nayo ingependa kusambaa, lakini utando unaizuia, na ndiyo maana maji ndiyo yanayosogea.

Hapo ndipo kipande cha pili, kile kilichobaki na gramu 5.0, kinapoleta ubishi mkali kuliko vyote. Wengi huandika "osmosisi haikutokea" au "maji yalisimama". Hayakusimama. Yanaingia na kutoka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mizani haioni kitu. Ukiandika kwamba mmumunyo wa nje unalingana na utomvu wa ndani ya seli, na kwamba maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka, umeonyesha kwamba umeelewa jambo lote. Kwangu hiki ndicho kipande chenye thamani kubwa katika jaribio zima, kwa sababu kinakuambia utomvu wa kiazi umekolea kiasi gani bila hata kukikamua.

Kipande cha kwanza kina mtego wake. Kimeongezeka gramu 0.6, na kuna watakaoandika kwamba kingeachwa zaidi seli zake zingepasuka. Wamechanganya na chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu ikiwekwa kwenye maji matupu huvimba hadi ikapasuka, kwa kuwa imezungukwa na utando tu. Seli ya kiazi ina kitu cha ziada nje ya utando: ukuta wa selulosi. Maji yakiingia, vakuoli, yaani mfuko wa utomvu ulio ndani ya seli, inavimba na kusukuma utando kwenye ukuta, ukuta nao unasukuma kwa ndani, mpaka msukumo huo unazuia maji mengine yasizidi kuingia. Seli inakaza. Mmea laini usio na mbao husimama wima kwa sababu ya mkazo huo, na ukikosa maji unanyauka ingawa hakuna kilichovunjika.

Kwenye sukari nyingi mambo yanakwenda kinyume. Maji yanatoka, vakuoli inasinyaa, na utando unabanduka kutoka kwenye ukuta. Hali hiyo huitwa plasmolisisi. Ukuta wenyewe hausinyai sana, ndiyo maana chini ya hadubini unaona seli yenye umbo lake la kawaida nje, na ndani mfuko mdogo uliojikunja pembeni.

Kuna la kupangusa pia. "Kwa nini vipande vilipanguswa kabla ya kupimwa?" Jibu ni fupi: maji yaliyoshikamana juu ya kiazi yangepimwa kana kwamba yameingia ndani. Na "kwa nini tukokotoe asilimia?" Hapa vipande vyote vilianza na gramu 5.0, lakini mara nyingi havilingani, na gramu tupu zingedanganya. Asilimia inaviweka vyote kwenye kipimo kimoja: ongezeko la 12, sifuri, na upungufu wa 14. Anayesahau alama ya kutoa kwenye hiyo 14 hupoteza maksi aliyokuwa ameshaipata, na hilo huniuma kweli.

Kosa jingine halisikiki mlangoni kwa sababu wote huwa wamelifanya. Wanaandika kwamba mizizi hunyonya maji na madini kwa osmosisi. Maji, ndiyo. Madini, hapana. Osmosisi ni neno la maji. Madini huingizwa kwenye mizizi kwa sehemu kubwa kwa nguvu ambayo seli inaigharamia, hata pale ambapo ndani tayari yamejaa kuliko kwenye udongo. Sukari pia haiingii popote "kwa osmosisi".

Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha kwenye maji, akaona kibofu kikivimba kwa nje. Maji yalikuwa yanaingia. Karne moja na zaidi baadaye mkemia Mholanzi, Jacobus van 't Hoff, aliweka hesabu ya msukumo huo, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901. Swali la jinsi maji yanavyopita kwenye utando wa mafuta kwa kasi kubwa lilikaa muda mrefu zaidi. Mwanasayansi Mmarekani, Peter Agre, alionyesha kwamba seli zina vitundu vya protini vinavyopitisha maji, naye akapata Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Osmosisi hiyo hiyo ndiyo inayoamua dripu itengenezweje. Dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji, yaani asilimia 0.9, ili chembe za damu zisivimbe wala zisisinyae. Ukiulizwa kwa nini mgonjwa haongezwi maji matupu kwenye mshipa, jibu ni lile la kipande cha kwanza: maji yangeingia kwenye chembe za damu, nazo hazina ukuta wa selulosi wa kuzizuia zisipasuke.

Kama bado mnabishana, chukueni kiazi kimoja. Kateni vipande viwili vyembamba, kimoja kiwekeni kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yaliyokorogwa sukari hadi yawe mazito, na muviache usiku kucha. Asubuhi jaribuni kuvikunja. Kile cha maji kitakuwa kigumu na kitakatika kwa mlio. Kile cha sukari kitajizungusha kidoleni kama kamba, na maji yaliyokitoka yatakuwa pale bakulini, yamechanganyika na sukari.