Kabla hujavunja vigae, tafuta ndoo

Kaskazi ikishakolea, simu zangu huwa na neno moja: "Fundi, bwawa linavuja." Simu ya Raskazone, hapa Tanga, ilitoka kwa mama mmoja mstaafu mwenye bwawa la kuogelea. Nilipofika, sijamaliza hata shikamoo, nikaisikia pampu: inagugumia, inanyamaza, inagugumia tena. Chini ya kifuniko chake cha kuonea mapovu yanazunguka. Nikamwambia, "Mama, tuizime kwanza, mengine baadaye."

Maji yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa skima, kile kidirisha cha ukutani kinachonyonya maji ya juu pamoja na majani. Hapo pampu hainyonyi maji tena, inanyonya hewa. Na sili ya pampu, kile kizibo kinachozuia maji yasivuje, hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma. Yakikosekana inaungua, pampu inaanza kudondosha maji, na chumvi ya hewa ya Tanga inamalizia mota.

Kiwango chenyewe hakina siri: maji yafike nusu ya mdomo wa skima. Yakishuka hadi theluthi, fungulia mpira. Yakiufunika mdomo wote pia ni kasoro, kwa sababu kile kilango cha ndani hakichezi, na majani ya mwarobaini na mafuta ya kujipaka yanabaki kuzunguka juu.

Lakini Mama alitaka kujua maji yanakwenda wapi. Tayari alishatajiwa bei ya kuvunja vigae. Nikaomba ndoo.

Ndoo unaijaza maji ya bwawa, unaiweka kwenye ngazi ya bwawa, jiwe ndani isielee. Hakikisha maji ya ndani na ya nje yako karibu usawa mmoja, kisha piga mstari kwa makapeni ndani na nje. Saa 24 asiogelee mtu, usiongeze maji. Jua na upepo vinanyonya kote kuwili sawasawa. Nje kukishuka zaidi, hapo kuna tundu. Basi rudia pampu ikiwa imezimwa. Kama tofauti imepungua, chunguza mabomba yanayorudisha maji bwawani. Na bwawa linaloshuka likagota mahali pamoja kila mara, tazama usawa huo huo: taa, au maungio ya skima.

Kesho yake ndani kumeshuka milimita 6, nje 6. Bwawa lake ni mita 8 kwa 4, kwa hiyo kila milimita ni lita 32. Karibu lita 200 zimekwenda na kaskazi kwa siku moja. "Kumbe mwizi ni upepo, mwanangu," akasema, akaagiza chai. Turubai la kufunika usiku lingemsaidia sana, ila anasema linamharibia sura ya ua.

Masika mambo yanageuka. Mvua inajaza bwawa hadi ukingoni na kuzimua klorini, kwa hiyo punguza maji kupitia valvu ya chujio mpaka nusu ya mdomo, halafu upime dawa upya. Usilikaushe kamwe msimu huo. Huku pwani maji ya ardhini yako karibu, na bwawa tupu ni kama dau: yakipanda chini yake, linanyanyuka. Nimeshaona moja Sahare lililokaushwa Aprili ili lipakwe rangi. Sakafu ilipasuka katikati, na maji yakawa yanaingia kwa kutokea chini.