Kauli isiyo na muktadha: tuiiteje?

Muktadha ni yale yote yanayoipa kauli maana yake: nani kasema, kamwambia nani, wapi, na baada ya maneno gani. Yasipojulikana, unabaki na maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hatuna neno moja la kauli za namna hiyo, na naona ni afadhali, kwa sababu muktadha hukosekana kwa njia tofauti na wa kulaumiwa si yuleyule kila mara.

Chukua watu walioketi barazani wakipanga mchango wa msiba. Anafika mwenzao, sikio limenasa "laki mbili" tu, naye anasema kwa sauti, "Mahari gani hiyo ya bei rahisi hivyo!" Huyo amedakia. Mitaani wangesema amedandia treni kwa mbele. Muktadha upo pale pale, ila yeye hana. Wengi wangemwita mropokaji, na hapo wanamwonea: anayeropoka anaweza kujua vizuri kinachozungumzwa, tatizo lake ni ulimi usio na breki.

Kauli tata nayo ni kitu kingine. "Mama alimpigia mtoto simu" ina utata ndani yake yenyewe: alizungumza na mtoto, au alipiga kwa niaba ya mtoto?

Kuna pia muktadha unaofichwa kwa makusudi, na watu wa pwani ni mabingwa wa hilo. Kanga iliyoandikwa "Wache waseme" ikiwa kwenye kamba haimsemi mtu. Mwenye nayo akigombana na jirani, kesho yake akajifunga hiyo kanga na kupita taratibu mbele ya mlango wa huyo jirani, ujumbe umefika. Wapita njia wanaona maandishi tu. Wawili wale wanajua yote. Hilo ni fumbo, na likikusudiwa kuchoma, ni kijembe.

Kubwa kuliko yote ni kunyofoa. Hapa msemaji alisema kwa ukamilifu, mwingine akaja kukata. Waislamu wanao mfano maarufu katika Surat Al-Maun. Aya ya 4 inasema ole wao wanaosali. Ukiishia hapo, sala imekuwa kosa! Aya ya 5 ndiyo inayoeleza ni wasalio gani: wale wanaopuuza sala zao. Katika Biblia, Zaburi 14:1 ina maneno "Hakuna Mungu", yanayotangulia ni "Mpumbavu amesema moyoni." Hakuna herufi iliyobadilishwa, na maana imepinduka. Vipande vifupi vya video vinavyosambazwa simuni hufanya kazi hiyohiyo kila siku.

Kwa hiyo napendelea "kauli iliyonyofolewa" kuliko "kauli iliyo nje ya muktadha", maneno ambayo hayasemi kama kuna aliyeitoa humo. Kunyofoa kuna mtu na kuna mkono wake.

Lakini neno hili nalo lisiwe kichaka. Viongozi wakibanwa hukimbilia kudai wamenukuliwa vibaya. Tafuta hotuba nzima, usikilize sentensi zilizotangulia na zilizofuata. Zikibadilisha maana, kweli amenyofolewa. Zisipobadilisha kitu, alisema alichosema.