Vidonda Vidogo Nje, Jeraha Kubwa Ndani: Maswali Kuhusu Upasuaji wa Utumbo kwa Matundu

Upasuaji wa matundu ni upi?
Daktari hutoboa tumbo sehemu chache, huingiza kamera na vifaa vyembamba, hukata kipande cha utumbo mpana chenye ugonjwa na, mara nyingi, huunga ncha mbili zilizobaki.

Kwa kuwa vidonda ni vidogo, mwili hausumbuki?
Unasumbuka. Ngozi imenusurika, utumbo umekatwa. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga kotisoli na adrenalini, homoni za kukabili dhiki; moyo huenda mbio, na sukari hupanda hata kwa asiye na kisukari. Mwili huanza kuvunja misuli yake kupata protini. Kinga nayo huamka: kipimo cha damu kiitwacho CRP hupanda hadi siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Ni kweli CRP hupanda kidogo kuliko tumbo likipasuliwa wazi, na wengi hupona mapema zaidi. Kotisoli, hata hivyo, haipishani sana kati ya upasuaji huu na ule wa wazi.

Nipo nyumbani siku ya 6, nina homa na tumbo linauma kuliko jana. Si mwili unapona?
Hapana. Mwili unaopona hutulia siku hadi siku. Maumivu yaliyopungua yakirudi kwa nguvu, ukapata homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa au kutapika, huenda mahali utumbo ulipoungwa panavuja na uchafu unamwagika tumboni. Nenda hospitali leo.

Nimeze kwanza dawa ya maumivu, nione hadi kesho?
Hapana, tafadhali. Dawa itashusha homa na kukupa usingizi huku uchafu ukiendelea kumwagika. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea mara kwa mara, sumu ya maambukizi ikiwa imeshaenea kwenye damu, na wote husema walikuwa wanasubiri kidogo.

Lakini vidonda vimekauka vizuri!
Hata vikikauka. Kidonda cha ngozi hakikuonyeshi hali ya utumbo. Nenda leo.

Nipunguzeje msukosuko huu wa mwili baada ya upasuaji?
Acha sigara kabla ya upasuaji, dhibiti sukari, na uanze kula na kutembea mapema kadiri utakavyoruhusiwa. Ndugu, msimzuie mgonjwa kitandani kwa huruma. Kulala tu humdhoofisha misuli na kukaribisha damu kuganda miguuni.

Nikirudi hospitali niseme nini?
Anza na hili: "Nilikatwa utumbo," na utaje tarehe. Anayekupokea asije akaona plasta ndogo akakupanga mwisho wa foleni.