Umbali wa angani kati ya Malindi na Lamu, na muda wa ndege

Umbali wa angani ni urefu wa njia fupi kuliko zote kati ya viwanja viwili vya ndege, bila kujali mto, msitu wala bahari iliyo chini. Kutoka Malindi hadi Manda, uwanja unaohudumia Lamu, ni kama kilomita 141. Anayekwenda kwa gari mpaka gati la Mokowe, upande wa bara, hukata kilomita 220 hivi.

Tofauti hiyo imeletwa na umbo la pwani yenyewe. Ukishapita Ngomeni, ardhi hurudi ndani na kuacha Ghuba ya Ungwana, kisha Mto Tana unamwaga maji yake katika delta pana yenye vinamasi. Barabara hailipiti eneo hilo. Hupanda kaskazini mpaka Garsen, ikavuka Tana, ndipo ikageuka mashariki kupitia Witu. Ndege hukata juu ya ghuba moja kwa moja. Popote uonapo umbali wa angani na wa barabara umeachana sana, fungua ramani. Utaona kitu ambacho barabara imekizunguka.

Marubani hupima umbali kwa maili za baharini na mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, kama manahodha. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, hivyo Malindi na Manda zimeachana kwa maili kama 76.

Muda ndio unaowachanganya wengi. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa, kwa hesabu tupu, ingefika kwa dakika 28. Ya kilomita 500 kwa saa, kwa dakika 17. Lakini ndege haishiki mwendo wake kamili pale inapoiacha lami. Hupanda kwanza, na kabla ya kutua hupunguza mwendo na kujipanga na njia. Katika safari fupi namna hii, kupanda na kushuka ni sehemu kubwa ya safari nzima, kwa hiyo ndege yenye kasi haiokoi dakika nyingi kama hesabu inavyoonyesha. Kikokotoo cha mtandaoni kinachotumia kilomita 800 kwa saa kinakupa mwendo wa ndege za masafa marefu, nacho hakifai hapa.

Halafu kuna upepo. Kwenda Lamu ni kuelekea kaskazini-mashariki, huko huko kaskazi inakotoka. Ikivuma kwa kilomita 30 kwa saa usoni mwa ile ndege ndogo, dakika 28 zinakuwa 31. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma, zinashuka hadi 26. Msimu wa kusi mambo hugeuka, na anayekwenda Lamu ndiye anayesukumwa. Kwa jahazi upepo huo huo ungeamua kama utasafiri mwezi huo au utangoja.

Muda wa ratiba ni jambo jingine tena. Huhesabiwa tangu ndege iondoke mahali ilipoegeshwa hadi isimame mahali pa kuegeshwa, hivyo huzidi muda wa angani. Wala haugusi kivuko. Uwanja uko kisiwani Manda, na mji wa Lamu uko ng'ambo ya mkondo: hakuna gari litakalokufikisha, ni boti tu. Malindi uwanja uko kando ya barabara ya Mombasa, karibu na mji. Kwa hiyo anayeondoka Lamu aanze kuhesabu muda wake tangu gatini, akiweka nafasi ya kusubiri boti, kuvuka na kupandisha mizigo.