Pombe "imeharibika" maana yake nini hasa? Kuna kuchacha, kuna kugeuka siki, na kuna sumu

Huku kwetu Iringa neno "imeharibika" tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Komoni ikizidi uchachu, imeharibika. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukikaa siku nne, umeharibika. Ukikuta utando juu ya pipa, imeharibika. Ila mahindi yakiota ukungu stoo utasikia mtu anasema hayo usitupe, yanafaa kwa pombe. Hapo ndo roho inaniuma, maana tunamwaga kisichoua afu tunapika kinachoua.

Tuanze na kuchacha kwenyewe. Pombe zetu za nafaka, iwe komoni ya huku au kimpumu ya kule Tukuyu, zinafanyiwa kazi na wadudu wa aina mbili kwa pamoja. Kuna hamira, inakula sukari iliyotoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa) ikatoa kilevi na gesi, na kuna bakteria wa asidi ya laktiki, ukoo mmoja na wale wanaogandisha maziwa. Kwa hiyo uchachu kiasi sio kosa, ndo pombe yenyewe hiyo. Ukiinusa inakaribia togwa iliyolala au mtindi, povu linapanda, machicha yanazunguka, yani iko hai na inanywewa ikiwa bado inachemka yenyewe bila moto. Ulanzi nao hivyohivyo, ukitoka kugemwa ni mtogwa, mtamu, ila hamira zilizoko kwenye mbeta (kile chombo cha mwanzi cha kugemea) na hewani zishaanza kazi, ukiuacha unakuwa mkangafu, yani mkali. Hakuna kilichoharibika hapo, umekomaa tu.

Na baridi isikudanganye. Mwezi wa sita na wa saba Makete au Mafinga hamira inazubaa, ndoo inakaa kimya siku nzima mtu anadhani imekufa, kumbe ukiisogeza karibu na jiko inaamka. Hata harufu ya mayai viza siku za mwanzo usiikimbilie, hamira yenyewe huwa inaitoa na mara nyingi inaondoka na gesi. Nyumbani tulishamwaga ndoo nzima kwa sababu ya harufu hiyo, mpaka leo inanisikitisha.

Sasa kuharibika kwa kweli kunaanza pale wageni wanapowazidi wenyeji. Mgeni mkubwa ni bakteria wa siki, huyu anakichukua kilevi chako anakigeuza siki, na anahitaji hewa, ndo maana pipa lililobaki nusu likiwa wazi linachoma pua mapema wakati lililofunikwa linavumilia (kufunika nasema, sio kukaza kifuniko pombe ikiwa bado inachemka, dumu litavimba lipasuke). Uchachu wa mtindi uko ulimini, wa siki unapanda puani, ukizoea hukosei. Ikinuka kama gundi au kile cha kufutia rangi ya kucha, ujue mambo yameenda mbali. Ikinuka siagi iliyooza au matapishi, au ukiichota inavutika kama mlenda, mwaga, usihangaike kuongeza sukari. Utando mweupe mwembamba wenye mikunjo mara nyingi ni hamira za porini tu, zinaharibu ladha. Ila utando wenye manyoya, wa kijani au mweusi, huo ni ukungu, na kuuengua juu haisaidii kwa sababu kilichotoka kwenye ukungu kishaingia chini.

Lakini yote hayo pua inakwambia. Jambo la tatu, yani sumu, pua wala ulimi havikwambii, nalo ndo sababu ya kuandika yote haya. Januari 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzo wakasema ni nyongo ya mamba, kumbe vipimo vikaonyesha ni sumu ya bakteria anaitwa Burkholderia gladioli, aliyeota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo moto hauitoi. Na mwaka uliofuata hapahapa nchini, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu, yani sumu inayotolewa na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, ambayo nayo unaweza kuchemsha mpaka kuni ziishe na haiondoki, na kilevi hakiigusi. Mdudu anakufa, sumu aliyoiacha inabaki.

Kwa hiyo pombe ya namna hii inakaguliwa kabla haijawa pombe. Angalia kimea, hasa masika, ulezi umeloweshwa umeota halafu jua hakuna siku tatu, pale ndo ukungu unapata nafasi. Kimea kizuri kinanukia utamu mkavu. Kikitoa uvundo, kikishikana mabonge, ukiona vumbi la kijani au njano kwenye punje, kuosha na kuanika upya hakukisafishi. Unga ulioingiwa na maji nao usiukaange ukidhani moto utaurekebisha. Na pipa lililowahi kubeba dawa za shamba halifai kwa pombe hata ulisugue vipi.

Kimea cha hivyo usiwape hata kuku au nguruwe, sumukuvu inawadhuru na wao. Chimba shimo, fukia.