Mbona barua pepe moja inakula asubuhi nzima?

*Ofisini nasoma barua pepe mara kumi kabla ya kuituma. Nyumbani vyombo hulala kwenye sinki siku mbili. Kweli mimi ni mtu wa kutaka ukamilifu?*

Ndiyo, unaweza kuwa. Wengi humfikiria yule ambaye vitambaa vya makochi yake pale Buruburu havina hata kunyanzi. Kumbe tabia hii huchagua mahali: hukaa pale mtu anapohisi thamani yake inapimwa. Kwa mmoja ni kazi, kwa mwingine ni mwili, au alama za mtoto. Tena mara nyingi hufanana na uvivu. Mwanafunzi amekesha hadi saa nane usiku, sentensi ya kwanza ameifuta na kuiandika upya, na tarehe ya kuwasilisha imepita. Mhadhiri anaona mzembe; kumbe ni woga.

*Mume wangu hutandika upya kitanda nilichokwisha kutandika. Hiyo nayo?*

Huenda, dada (sijamwona, nasema huenda). Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walieleza sura tatu za tabia hii: kujitaka ukamilifu mwenyewe, kuutaka kwa wengine, na kuamini kwamba wengine wanautaka kwako. Ya mumeo ni ya pili. Inayonitia mimi hofu zaidi ni ile ya tatu. Ukoo ulichanga karo, sasa uko Nairobi, na kila simu ya nyumbani unaisikia kama unaitishwa hesabu. Thomas Curran na Andrew Hill walichambua majibu ya wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, ya kuanzia 1989 hadi 2016. Sura zote zilikuwa zimepanda, na hiyo ya tatu ndiyo iliyopanda zaidi.

*Ni ugonjwa?*

La, ila huandamana na wasiwasi, sonona na matatizo ya ulaji. Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, muone daktari. Wazo la kujiua likikujia, usingoje kesho: mwambie mtu, uende hospitali.

*Nianzie wapi?*

Kwa jaribio dogo, kama wanayotumia washauri nasaha. Barua pepe ya kawaida isome mara mbili tu. Kabla ya kuituma, andika kwenye karatasi unachohofia kitatokea. Itume. Kesho jioni fungua karatasi, ulinganishe na yaliyotokea, kisha rudia wiki ijayo. Vyombo vya kwenye sinki ni shauri lingine. Hivyo osha, mende hawasubiri.