"Nimempa cc moja tu, dokta"

Dada mmoja wa Tabata aliniletea mtoto wa mbwa ndani ya beseni, amemfunika khanga. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, mwili unatetemeka, akisimamishwa anapepesuka na kuanguka. Alikuwa na upele, na jirani anayefuga ng'ombe akawagawia dawa kidogo. "Nimempa cc moja tu, dokta."

Hiyo "tu" naisikia kila wiki, na inaniumiza. Cc, yaani mililita, haikuambii umempa mnyama dawa kiasi gani. Inakuambia umempa maji kiasi gani. Dawa iliyomo ndani ya maji hayo imeandikwa kwenye lebo, kwa asilimia, na hapo ndipo watu wengi wanapoishia kusoma.

Chupa ilikuwa ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ya asilimia 1. Maana yake ni gramu 1 ya dawa ndani ya mililita 100. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Gawanya kwa 100, unapata miligramu 10 katika kila mililita. Kwa dawa za maji zinazopimwa hivyo, chukua asilimia uzidishe kwa 10, umeshapata miligramu kwa mililita. Ukishika hilo, mengine ni kugawanya na kuzidisha.

Ng'ombe hupewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 300 anahitaji miligramu 60, yaani mililita 6. Ndiyo maana wafugaji husema "cc moja kwa kilo hamsini", na kwa ng'ombe wako sahihi kabisa. Mbwa yule niliyemweka kwenye mizani alikuwa na kilo 2. Miligramu 10 kwa kilo 2 ni miligramu 5 kwa kilo: mara 25 ya kipimo cha ng'ombe. Hata kwa kipimo hicho hicho cha ng'ombe, angestahili mililita 0.04, sawa na yuniti nne kwenye bomba la sindano la insulini la yuniti 100 kwa mililita. Ni kama tone moja. Na mbwa wa ukoo wa Collie wanaweza kudhurika kwa kiasi kidogo kuliko hicho, kwa sababu wengi wao wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hii kurundikana kwenye ubongo.

Dawa za kupe nazo zina mtego wake. Amitrazi ya asilimia 12.5 ina miligramu 125 kwa mililita. Ng'ombe hunyunyiziwa mchanganyiko wa asilimia 0.025, sawa na miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, au 32 kwa pampu ya mgongoni ya lita 16. Tafadhali usipime kwa kifuniko. Kifuniko cha chupa hii si cha ile. Na paka usimguse nayo kabisa.

Kwenye tiba, kosa huwa la upande wa pili: watu wanaogopa namba kubwa. Ng'ombe wa kilo 300 aliyelamba dawa ya kuua wadudu ya jamii ya oganofosfati, mate yanamchuruzika na pumzi inambana, kwa miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji miligramu 60 za atropini, dawa ya kuzima sumu hiyo. Ampuli ikiwa na miligramu 1, hizo ni ampuli 60. Robo huingia kwenye mshipa, iliyobaki chini ya ngozi. Nimeshaona mtu akimpa ampuli tano, kisha akasema atropini haifanyi kazi. Lakini sumu ikiwa ni amitrazi, atropini hiyo hiyo itamzidishia madhara, ndiyo maana nasema kila siku: mnyama akija, chupa nayo ije.

Ivermektini haina dawa yake ya kuizima. Tulimwekea mbwa yule dripu, tukampasha joto, tukamgeuza ubavu kila baada ya saa chache na kumpaka mafuta ya macho yasimkauke. Siku ya tano yule dada alisogeza bakuli la uji kushoto, na kichwa kikalifuata.